Deni la Udongo

Msomaji asiyefika Ufipa hulisoma jina la Kate kama la dada wa Kizungu. Lisome kwa Kiswahili, silabi kwa silabi, ka-te, nawe umeshafika wilaya ya Nkasi, mkoani Rukwa, kwenye kijiji cha misheni ya zamani ya Mapadri Weupe, juu ya uwanda ambako baridi ya Juni huwafanya watu watembee wamejifunga mablanketi mchana kweupe.

Mimi nilifika mwezi wa pili, wakati wa majani. Mvua iliyoanza Novemba ilikuwa imekolea, nyasi zimefika kiunoni, na ukungu wa asubuhi ulikuwa mzito kiasi kwamba ulimsikia mtu analima kabla hujamwona. Ndivyo nilivyomkuta mama mmoja nje kidogo ya kijiji: jembe lake kwanza, halafu yeye mwenyewe. Nilimwamkia, akaitikia bila kunyanyuka.

"Marahaba, baba. Usikanyage hapo, nimeshazika."

Nilitazama chini. Alichokizika kilikuwa kimeacha mgongo wa udongo wenye umbo la duara, upana wa ungo mkubwa, kimo cha goti, na mizizi ya nyasi imetazama juu kama nywele za mtu aliyetoka usingizini. Wafipa huliita tuta hilo ntumba. Nilihesabu kumi na moja yaliyokwisha tangu alfajiri, na lile la kumi na mbili lilikuwa mikononi mwake. Ng'ambo ya njia, hatua kumi hivi, lilikuwa shamba lake lingine, la mahindi, limepangwa mistari kama alivyofundishwa na bwana shamba. Majani ya chini yalikuwa yameanza njano ile inayoingia nchani na kushuka katikati ya jani. Aliyewahi kulima mahindi anaijua. Mmea ukifanya hivyo unasema haujala.

Mashamba mawili, mwenyewe mmoja, udongo mmoja, mvua moja. Nimesoma ripoti nyingi za maendeleo endelevu, nyingine nimezihariri kwa malipo, lakini hakuna iliyonipa shida kichwani kama ile njia nyembamba kati ya shamba na shamba.

Kazi ya ntumba yenyewe huenda hivi. Nyasi zikiwa ndefu na bado mbichi, mkulima huzifyeka na kuzikusanya mafungu mafungu. Kisha hulikata tabaka la juu la ardhi pamoja na mizizi yake, akaligeuza na kulifunika fungu kipande baada ya kipande, mpaka nyasi zisionekane tena. Juu hupanda maharage, ambayo hayahitaji muda mrefu na huvunwa mvua zikielekea ukingoni. Kiangazi kizima, Mei hadi Oktoba, nyasi zinaoza humo ndani. Mvua mpya ikipiga, tuta hubomolewa na kusambazwa, shamba lote likapata tandiko la mboji, na hapo ndipo ulezi humwagwa. Baada ya ulezi matuta huinuliwa upya, mara hii kwa mabua na magugu, yakapandwa kunde, karanga au mahindi. Mzunguko huenda miaka kadhaa kabla ya ardhi kupumzishwa.

Ukingoni mwa shamba lilikuwa limesalia tuta moja la mwaka jana, ambalo halikubomolewa. Mama yule alilipasua kwa pigo moja la jembe ili nione. Udongo wa nje ulikuwa mwekundu, wa kawaida wa kule juu, wenye uchachu mwingi na fosforasi haba. Wa ndani ulikuwa mweusi, umelegea kama unga wa ulezi ulioguswa na maji, na nyungunyungu wawili wanene walijikunja kwa kukerwa na mwanga. Alifinyanga kidogo, akaninyooshea ninuse. Ulinukia uyoga.

Ni rahisi kuiita hii "kilimo cha asili" na kupita. Neno asili lina uvivu ndani yake. Linafanya ionekane kana kwamba Wafipa waliumbwa pamoja na matuta yao. Uwanda wa Ufipa ni nchi ya nyasi. Ukisimama Kate macho yanakwenda mbali bila kugonga mti, isipokuwa mikaratusi iliyopandwa karibu na nyumba na, upande wa Sumbawanga, msitu wa milima ya Mbizi unaotunza vyanzo vya maji ya mji. Sasa vuka mpaka uingie Zambia, kwenye nchi yenye miti, uone jinsi ulezi uleule ulivyolimwa. Wabemba, kama Audrey Richards alivyoeleza katika kitabu chake cha mwaka 1939, walikata matawi ya miti ya eneo kubwa, wakayarundika mahali padogo, wakayachoma na kupanda kwenye jivu. Huo ndio chitemene. Jivu hutoa rutuba haraka, tena bila kuvunja mgongo kwa jembe, ilimradi miti ipo. Eneo la kukatia matawi linazidi la kupandia mara kadhaa, kwa hiyo watu wakiongezeka hesabu inakataa.

Kwa Wafipa na jirani zao Wamambwe, ambao nao wana matuta yao wanayoyaita fundikila, miti haikuwepo ya kutosheleza hesabu hiyo. Nani aliimaliza? Wapo wanaowanyooshea kidole wahunzi, na wahunzi wa Ufipa hawakuwa watu wa mchezo. Tanuru lao, ilungu, lilisimama kimo cha mita tatu hivi, likavuta hewa lenyewe kupitia mirija iliyopangwa chini kuzunguka tako lake, bila mtu wa kufukuta. Chuma ghafi kilichotoka humo kilisafishwa katika tanuru dogo, kintengwe, ambalo ndilo lililohitaji mivukuto. Bertram Mapunda, mwanaakiolojia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, amefuatilia mabaki ya kazi hiyo mpaka mwambao wa Ziwa Tanganyika na kukuta kwamba ufundi wenyewe ulikuwa wa aina zaidi ya moja. Malungu kadhaa bado yamesimama Nkasi, wazi juu, ng'ombe wakijikuna ubavuni. Mkaa mwingi uliteketea humo, sikatai. Ila moto wa nyasi wa kila mwaka, mifugo na jembe navyo vilikuwa kazini, na jembe lenyewe lilitoka ndani ya ilungu. Kumtafuta mkosaji mmoja hapa ni kupoteza muda.

Kilicho na uzito kwangu ni kwamba watu hawa, walipokosa miti, waliihamisha rutuba kutoka kwenye jivu kwenda kwenye kuoza. Hayo ni mabadiliko makubwa kama yoyote yanayosemwa leo katika mikutano ya tabianchi, na yalikwisha kufanyika kabla Mzungu hajafika na daftari lake. Joseph Thomson, Mskoti aliyepita Ufipa mwaka 1880 akitokea Ziwa Tanganyika kuelekea Ziwa Rukwa, alistaajabia jinsi watu wa nchi hiyo walivyojitoa kwa kilimo na kuipa vita kisogo. Haukuwa upole wa kuzaliwa nao tu. Kizazi kimoja kabla yake Wangoni, wapiganaji walioongozwa na Zwangendaba, walikuwa wamepiga kambi palepale Ufipa, na Zwangendaba mwenyewe akafia huko miaka ya 1840. Watu waliopitishwa katika tanuru hilo wakarudi mashambani na kufukia nyasi.

Tume ya Brundtland ya Umoja wa Mataifa ilipotoa ripoti yake mwaka 1987, ilieleza maendeleo endelevu kuwa ni yale yanayokidhi haja za leo bila kuwanyang'anya watakaokuja uwezo wa kukidhi zao. Maelezo mazuri, na tangu 2015 dunia ina malengo 17 ya kuyatekeleza. Shida ya lugha hiyo, shambani, ni kwamba haimtaji anayelipa. Rutuba si zawadi. Kila gunia la mahindi linalopanda fuso kwenda Tunduma mpakani limebeba naitrojeni, fosforasi na potasiamu zilizotoka kwenye shamba la mtu, na udongo unaandika deni. Katika ntumba deni hilo hulipwa kwa migongo: ya mama yule, ya wanawe, ya majirani walioitwa kwa pombe ya ulezi. Nimeliangalia kila badiliko lililofuata Ufipa kwa swali hilohilo la nani amelipa, na majibu yamenisaidia kuliko malengo yote 17.

Mahindi yalipochukua nchi, mlipaji alibadilika.

Katikati ya miaka ya 1970, baada ya ukame na njaa iliyolazimisha serikali kuagiza nafaka kwa fedha za kigeni, Tanzania iliweka bei moja ya mahindi nchi nzima. Shirika la Taifa la Usagishaji, NMC, lilimlipa mkulima wa Nkasi sawasawa na wa Morogoro, gharama ya usafiri ikawa ya serikali. Fikiria umbali: kutoka Dar es Salaam hadi Sumbawanga ni zaidi ya kilomita 1,100, na kwa miaka mingi kipande cha Tunduma hadi Sumbawanga kilikuwa cha vumbi, masika kikawa cha tope. Kwa bei ya soko hakuna mwenye akili timamu ambaye angefuata mahindi huko. Kwa bei moja, Rukwa iliungana na Iringa, Mbeya na Ruvuma kuwa ile mikoa minne mikubwa iliyolisha nchi. Mbegu bora zikaja, mbolea ya ruzuku ikaja, nyingi ikiwa salfeti ya amonia, SA, kutoka kiwanda cha Tanga kilichoanza kazi mwaka 1972.

Mambo mengine yalisukuma upande uleule. Operesheni Vijiji iliwasogeza watu barabarani, mashamba ya karibu yakalimwa bila kupumzishwa na ya mbali yakawa safari. Plau ya kukokotwa na maksai ilienea, na plau haina urafiki na ntumba: inataka shamba tambarare na mistari iliyonyooka. Ekari iliyomchukua mama wiki kadhaa za kuzika nyasi, kijana mwenye jozi ya maksai aliimaliza kwa siku chache. Ulezi ukasogezwa pembeni, kwenye vishamba vya pombe na vya uji wa wazazi waliojifungua.

Sitaki kuonekana ninazililia nyasi. Pesa ya mahindi ndiyo iliyobadili paa za Ufipa kuwa bati, ikajenga nyumba za matofali ya kuchoma, ikapeleka watoto sekondari. Ukimwambia mzee aliyeuza magunia kwa NMC kwamba zama zile zilikuwa kosa, atakuuliza, kwa adabu ya Kifipa isiyopandisha sauti, kama wewe umewahi kulala chini ya nyasi zinazovuja. Watu wengi wanaosifia kilimo cha mababu hawajawahi kukifanya zaidi ya nusu saa. Mimi nilijaribu siku ile. Nilimaliza ntumba moja, yenye kigongo upande, na kiganja kikatoka lengelenge.

Lakini hesabu ya deni ilikuwa imehamia Hazina, na Hazina ina mabwana wake. Katika miaka ya 1980, chini ya masharti ya marekebisho ya uchumi, bei moja iliachwa. Ruzuku ya mbolea ikaanza kupunguzwa hatua kwa hatua tangu 1990, mpaka 1994 haikuwepo. Kiwanda cha Tanga kilikuwa kimekwisha fungwa mwaka 1991. Mfuko wa mbolea ukafika Sumbawanga ukiwa umebeba nauli ya kilomita zote zile juu ya bei yake, mkulima akauangalia, akaurudisha kwa muuzaji. Mahindi hayakuacha kulimwa, maana soko na mlo vilishazoea. Basi aliyebaki kulipa ni udongo wenyewe. Na ulikuwa umedhoofika kwa namna ambayo haikuonekana kwa macho, kwa sababu SA ikitumika mwaka hadi mwaka bila chokaa huongeza uchachu, na udongo wa Ufipa ulishakuwa mchachu tangu zamani.

Hapo ndipo ungedhani watu wangerudi kwenye ntumba. Wachache walirudi, wengi hawakuweza. Ntumba hutaka nyasi ndefu, na nyasi hutaka ardhi iliyopumzishwa. Ardhi hiyo ilikuwa imeshalimwa yote. Hutaka mikono, na mikono ilikuwa shuleni au mjini. Hutaka pia mtu aliyefundishwa akiwa mtoto pembe ya kulikatia tabaka la udongo lisimeguke. Njia iliyoachwa kizazi kimoja huota miba. Wapangaji wa mipango husahau hili wanapodhani desturi ni ghala ambalo mlango wake utakuwa wazi siku yoyote utakapoamua kurudi.

Serikali nayo ilirejea. Kuanzia msimu wa 2008/09 zilitoka vocha za pembejeo kwa msaada wa mkopo wa Benki ya Dunia: kwa ekari moja, mbegu, mfuko mmoja wa mbolea ya urea, na mmoja wa DAP au badala yake mifuko miwili ya fosfeti ya Minjingu, nusu ya gharama ikilipwa na vocha. Miaka hiyohiyo barabara ya Tunduma hadi Sumbawanga ikawekwa lami kwa fedha za Marekani. Ukitaka maoni yangu, lami ile imefanya zaidi ya vocha, kwa sababu vocha ilimfikia aliyeandikwa na lami ilimfikia kila mtu. Mpango wa vocha ulikoma baada ya msimu wa 2013/14. Agosti 2022, bei za dunia zilipopaa kwa vita ya Ukraine, ruzuku ilirudi tena, mfuko wa kilo 50 wa DAP au urea ukashuka hadi shilingi 70,000 kutoka zaidi ya 120,000.

Kuja, kuondoka, kurudi, kuondoka, kurudi. Mkulima anayeishi ndani ya mwendo huo hujifunza kutoegemea ukuta. Mwaka 2017 ulimfundisha zaidi. Viwavijeshi vamizi viliingia nchini na Rukwa ikawa miongoni mwa mikoa ya kwanza kuvipata. Na katikati ya mwaka, waliookoa mavuno walikuta serikali imezuia mahindi kuvuka mpaka. Sababu iliyotolewa ilikuwa usalama wa chakula, na mtu wa Dar es Salaam alikula ugali wa bei nafuu. Aliyebeba unafuu huo ni wa Nkasi, aliyeuza kwa bei isiyorudisha gharama ya mbolea, tena kwa lumbesa, gunia lililoshonewa kilemba mpaka likazidi kipimo na kulipwa kama la kawaida. Msimu uliofuata wengi walipanda bila kununua mfuko hata mmoja. Hakuna aliyewashauri, walikuwa wamepiga hesabu. Zuio liliondolewa baadaye, lakini ile njano ya majani haisomi magazeti.

Wakati huohuo watu wanaongezeka. Sensa ya 2012 ilihesabu Rukwa watu milioni moja na kidogo. Ya 2022 ilikuta zaidi ya milioni moja na nusu. Bonde la Rukwa, lililo chini ya ukingo mkali wa Lyamba lya Mfipa, limepokea pia wafugaji Wasukuma na ng'ombe wao. Nafasi ya kupumzisha shamba haitapatikana tena kwa kuomba.

Mwanaanthropolojia Roy Willis aliishi Ufipa mwanzoni mwa miaka ya 1960, na katika mambo aliyoyaandika limo moja ambalo wataalamu wa maendeleo hawalisomi kwa sababu linahusu uchawi. Mwaka 1963 na 1964 uwandani palipita kundi lililoitwa Kamcape. Lilifika kijijini, likawakusanya wote, likawapa dawa, likawafichua wenye pembe za uchawi wazitoe, kisha likatangaza kijiji kimesafika. Tangu siku hiyo hakutakuwa na kurogana. Vijana ndio waliokuwa mbele, wazee ndio walioshukiwa. (Watani husema jina la Sumbawanga lenyewe maana yake ni "tupa uchawi", na mgeni wa mji huo bado huulizwa akirudi kwao kama amerudi mzima.) Kilichomvutia Willis ni ahadi ya kuanza upya kwa siku moja, ulimwengu mzima wa kijiji ukioshwa na dawa ya kikombe kimoja. Harakati za namna hiyo hurudi kila baada ya miaka, kwa jina jingine, kwa sababu chuki za jirani na jirani hazikuwa ndani ya pembe.

Huwa naikumbuka Kamcape nikiisikia kampeni yenye kaulimbiu na fulana. Sri Lanka, mwaka 2021, ilipiga marufuku mbolea ya viwandani nchi nzima kwa amri, ikitangaza itakuwa nchi ya kilimo hai. Nia ilikuwa nzuri, deni la fedha za kigeni nalo lilikuwa likibana. Mavuno ya mpunga yakaanguka, chai ikayumba, na Novemba ya mwaka huohuo amri ikatenguliwa. Hakuna mboji iliyokuwa imeoza kungojea amri ile. Ntumba inachukua kiangazi kizima kuiva, na walioivumbua hawakuimaliza kwa msimu mmoja.

Mfano ulio karibu nasi unaofaa kutazamwa kwa makini ni Shinyanga. Nchi ile ilikuwa imefyekwa miti kwa miongo mingi, kwa kuwafukuza mbung'o, kwa pamba, kwa kuni, hadi ikaitwa jangwa. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulipoanza mwaka 1986, maofisa walianza kwa jambo walilolizoea, vitalu vya miche. Kilichoifufua nchi ni ngitili, desturi ya Wasukuma ya kulifunga eneo mvua zinapoanza ili majani yabaki kwa ajili ya kiangazi. Zilikuwa zimesalia hekta 600 hivi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikadiriwa kupita hekta 300,000, zinazotoa kuni, asali, dawa, nyasi za kuezekea. Mradi haukuileta ngitili. Uliiondolea vikwazo: ulikubali kwamba familia inaweza kumiliki ngitili yake, na kijiji nacho yake, na anayeivunja akaadhibiwa na sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji, badala ya kungojewa ofisa wa misitu mwenye pikipiki isiyo na mafuta. Aliyelipa gharama ya kutolisha leo alijua kwamba majani ya kesho ni yake. Mbinga pia, Wamatengo wameendelea kuchimba ngolo zao, mashimo yanayozuia maji kwenye miteremko mikali, huku pesa ya kahawa ikibeba mahitaji ambayo ngolo peke yake isingeyabeba.

Ufipa bado haijapata kahawa yake. Ina maharage yenye soko zuri, ina ulezi ambao wanunuzi wa mjini wameanza kuutafuta kwa ajili ya unga wa lishe, ina lami, na ina maghala na vihenge vya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula pale Sumbawanga. Hivyo vyote vinaweza kulipia mboji, au vinaweza kuukamua udongo haraka zaidi. Inategemea kama bei ya Julai itamwachia mkulima nguvu ya kufukia nyasi Februari. Nilimuuliza mama yule kwa nini asilime ntumba tupu, kwa kuwa anaona tofauti kwa macho yake.

"Na ada ya mtoto nilipe kwa ulezi?"

Basi kwa nini asilime mahindi tupu? Alinionyesha ile njano kwa kidevu, mikono ikiwa kazini.

Mpango wake, alivyonieleza vipande vipande kati ya tuta na tuta, haukuwa na jina. Kila mwaka anaisogeza ntumba upande wa shamba la mahindi lililochoka zaidi, na mahindi yanahamia pale ntumba ilipobomolewa. Eneo la ntumba halizidi uwezo wa mikono yake na ya binti yake, ambaye mwaka ule alikuwa Sumbawanga akishona nguo na hakuwa na hakika ya kurudi. Mbolea ya dukani ananunua kwa kiasi cha kusindikiza, akiigawana na wenzake wawili. Mabua hachomi. Ng'ombe wa jirani wakitaka kuyala, samadi inarudi kwake kwa mkokoteni; wamekubaliana hivyo, mara mbili wamegombana. Bwana shamba alimwambia aandikishe kikundi ili kiwe shamba darasa, akakataa, kwa sababu kikundi kilichotangulia kilivunjika kwa ajili ya pampu.

Saa nne ukungu ulifunguka, na bodaboda ikaja na mfuko wa urea umefungwa nyuma kwa mpira wa baiskeli. Wenzake wawili walifika kwa miguu, kila mmoja na ndoo yake. Waliufungua mfuko juu ya turubai, wakaugawa kwa kopo la rangi lililofutwa, kopo kwa kopo, wakihesabu kwa Kifipa, punje zilizodondoka zikiokotwa moja moja. Kisha alichukua ndoo yake na kizibo cha soda akaingia kwenye mahindi. Kizibo kimoja kwa shina, hatua, kuinama, kizibo. Alianzia kwenye kona iliyokuwa njano zaidi. Alipofika kwenye mistari mitatu ya mwisho, iliyokuwa juu ya ntumba za mwaka juzi, aliitazama, akapita bila kuinama, na kile kilichobaki kwenye ndoo akakifunika kwa kanga yake.